Kombo asisamehewe haraka

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, na mama anauliza utakuja lini. Sura ya sita ya hadithi yetu nimeipata. Nimeisoma mara mbili usiku uleule, ndipo nikaona nikuandikie.

Kombo umemwandika vizuri mno, hasa pale anaponywea mbele ya babake. Lakini Bakari ni wangu kumwandika, tulikubaliana tangu mwanzo, nawe umemfanya amkumbatie Kombo pale uwanjani Mkunguni, watu wakitazama. Hapo sikubali. Kombo alimwigiza kigugumizi chake miaka mitatu barazani, wenzake wakicheka, hata mtoto wa watu akaacha kwenda kununua mkate kwa kuogopa kutamka. Kusamehe ni haki yake Bakari, na bado hajawa tayari.

Kifungo cha Kombo Ngomeni nacho kiondoe. Ngome ya Lamu iliacha kuwa jela mwaka 1984, siku hizi ni makumbusho, na hadithi yetu ni ya juzijuzi. Tena Kombo kapigwa na babake tangu utotoni, na kipigo hakikumfunza upole. Msomaji alijue hilo, ila lisiwe udhuru.

Mimi nami nilikuwa na Kombo wangu chuoni. Miaka mingi baadaye tukakutana kichochoroni, mimi na ndoo ya maji, yeye na punda kapakia mchanga. Wavijua vichochoro vyetu, wawili hawapishani. Akamrudisha punda kinyumenyume hadi penye njia panda, nikapita. Hakusema neno, nami sikusema. Nilipofika nyumbani nikaweka ndoo chini, nikalia. Kumsamehe sijamsamehe, lakini siku ile sijaisahau.

Basi ndivyo nitakavyo. Kombo awe muuza duka. Bakari aingie, aanze, "Na-na-na..." Kombo neno alijue, aweze kummalizia, asimmalizie. Angoje, mkono juu ya mizani, wateja nyuma wakinung'unika, mpaka Bakari atamke mwenyewe: mchele, kilo mbili. Ampimie, amrudishie chenji yake. Bakari atoke bila kuaga.

Anayoyawaza Kombo akiwa pale kwenye mizani niandikie wewe, hayo siyagusi. Ya Bakari nimeshaanza. Nikimaliza nitampa mtu wa basi akuletee Malindi.

Wako akupendaye