Ngano kugeuka njano sio lazima iwe inaugua

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi ramani za setilaiti ambazo sisi wakulima wa ngano huku Narok tunauziwa kwa simu. Ramani yenyewe sina neno nayo, shida ni anayeisoma. Majuzi jirani yangu katumiwa ujumbe eti shamba lake limeshuka, rangi imetoka kijani imekuwa nyekundu, na papo hapo anaambiwa anunue dawa na mbolea, na ngano yenyewe imebakisha wiki chache kombaini ya kuvuna iingie! Punje zikishakuwa ngumu dawa ya kutu, ule ugonjwa wa ukungu wa majani, ni ya nini jamani?

Jani bichi la ngano linameza mwanga mwekundu na wa bluu kwa sababu ya ile klorofili, wa kijani linarudisha kidogo ndio maana tunaliona hivyo, halafu kuna infraredi ambayo macho yetu hayaoni, hiyo jani halina kazi nayo, karibu nusu linairudisha juu. Setilaiti inachukua infraredi inatoa nyekundu, inagawa kwa jumla ya zote mbili, hiyo ndio NDVI, namba ya kupima ukijani wa shamba inayopaka rangi ramani. Shamba likifunga vizuri linafika 0.8 na zaidi. Lakini suke likianza kujaa jani linavunja klorofili yake, naitrojeni inaenda kwenye punje, basi mwekundu haumezwi tena unarudi, infraredi nayo inapungua jani likikauka, na namba inaporomoka mpaka 0.3 hivi au chini. Hapo ngano inakomaa tu.

Sikatai, kutu ya njano nayo inashusha namba hiyohiyo, kwa hivyo lazima mtu afike shambani. Kutu inakuja kwa mistari ya unga kufuata urefu wa jani, ukipitisha kidole unabaki nao. Jani linalokomaa linaanzia kukauka nchani, yale ya chini ndio yanatangulia, na kidole kinatoka kisafi.

Wamarekani walipoanza kukadiria ngano kwa picha za setilaiti ya Landsat mwaka 1974 walizisoma pamoja na kalenda ya zao. Hawa wetu hata tarehe ya kupanda hawaulizi! Waulize, na aina ya mbegu pia maana kuna zinazowahi. Na kama ngano imeshaiva wamwambie mkulima upande gani umekauka kwanza ili ajue kombaini ianzie wapi, hiyo hata mimi ningelipia.

Mkulima wa ngano,
Narok