Barua kwa shangazi yangu aliyeacha wali

Assalamu alaikum, Shangazi, na shikamoo.

Nimepata habari kwamba umeacha wali, mkate na hata mbaazi kwa kuwa vina wanga, na kwamba kila asubuhi unakunywa maji ya moto yenye ndimu na siki ya tufaha, kisha unameza vijiko viwili vya mafuta ya nazi. Nimeambiwa pia kwamba ulipungua kilo kadhaa katika wiki ya kwanza, na kwamba anayekuuzia unga wa kusafisha sumu anazitembeza picha zako kwenye WhatsApp kama ushahidi. Naandika hadharani kwa sababu nusu ya akina mama wa Shela na Barani, hapa Malindi, wamo katika kundi hilo.

Kilo hizo sizikatai, ila nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Siku utakapokula pilau ya harusi, sehemu ya uzito huo itarudi bila wewe kunenepa.

Kusifu kisichohusika ni jambo la zamani katika pwani hii. Mwezi wa Aprili 1498, mabaharia wa Vasco da Gama walifika Mombasa wakiugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, wakaletewa machungwa, ndimu na miwa, na wagonjwa wakapona. Mwandishi wa safari yao akaisifu hewa nzuri ya mji. Januari 1499, wakirudi kutoka India wakiwa hoi, waliomba machungwa hapa Malindi, lakini wengi walikuwa wamekwisha kudhoofika na wakafa. Safari hii mwandishi akailaumu hewa. Ukweli ulianza kuonekana mwaka 1747, pale tabibu James Lind alipowagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, wote wakila chakula cha aina moja, kisha kila jozi ikapewa tiba yake. Waliopewa machungwa na ndimu walipata nafuu upesi. Waliopewa siki, Shangazi, hawakupata.

Sasa tuitazame wiki yako kwa jicho hilohilo. Ulipoacha wali uliacha pia soda, mahamri na sukari ya chai, yote kwa pamoja, halafu sifa akapewa muuza unga. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa mwaka mzima, kundi moja likipunguza mafuta na jingine likipunguza wanga. Kwa wastani la kwanza lilipungua kilo 5.3 na la pili kilo 6, tofauti ambayo watafiti hawakuiona kuwa ya maana. Makundi yote mawili yalikuwa yameagizwa kupunguza sukari na unga mweupe na kuongeza mboga. Ndiyo sababu mimi naishuku soda kabla ya kuushuku wali: chupa ndogo ya mililita 300 aghalabu ina zaidi ya gramu 30 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku.

Mafuta ya nazi najua yatakuuma, kwani sisi ni watu wa minazi. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta ya aina inayoganda, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya katika damu. Tui la kupikia mbaazi siligombi, hasa ukitumia la pili na kuacha kasimele kwa siku ya wageni. Kumeza mafuta matupu kwa kijiko ni jambo jingine. Kuhusu sumu, kazi ya kuziondoa ni ya ini na figo. Mwambie muuzaji akutajie jina la sumu moja tu ambayo unga wake unaitoa.

Ningependa mbaazi zirudi jikoni, kwa kuwa zina protini na nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Nusu ya sahani iwe mchicha, kisamvu au mabamia, robo iwe wali na robo samaki. Kwa presha yako, papa wa chumvi aloweshwe na maji yamwagwe zaidi ya mara moja, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Kipimo cha siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani hakifiki kijiko cha chai kilichojaa.

Lililonifanya nisingoje hadi Idi ni dawa zako za kisukari. Baadhi ya dawa hizo huendelea kushusha sukari hata kama hukula wanga, na kipimo kilichokufaa ulipokuwa ukila wali kinaweza kuishusha kupita kiasi. Ukihisi kutetemeka, jasho jembamba au kuchanganyikiwa, kunywa chai yenye sukari papo hapo, kisha mwite jirani. Usiache wala kupunguza dawa kwa shauri la kundi. Wiki hii nenda kliniki, umweleze daktari kila ulichobadilisha, na uchukue pakiti ya ule unga aisome.