Salamu za Pasaka 2026: Siku Hamsini za Mama wa Vitumbua

Tumsifu Yesu Kristo, Taifa la Mungu!

Naandika salamu hizi Jumamosi Kuu asubuhi, tarehe 4 Aprili, nikiwa nimekaa benchi la mwisho kanisani, lile la wachelewaji. Altare iko tupu, haina hata kitambaa. Tabernakulo, kile kisanduku cha kutunzia Ekaristi, iko wazi na taa yake imezimwa. Tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu kengele haijalia. Watumikiaji wetu wanagonga vibao vya mbao, na watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu wamevipenda hivyo vibao kiasi kwamba jana, Ibada ya Mateso ilipokwisha, ilibidi wanyang'anywe.

Kimya hiki lakini ni cha altareni tu. Mama zetu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanapiga deki huku wakibishana maua yakae wapi. Kwaya iko darasa la katekesi inarudia Aleluya, ambayo haijaimbwa humu tangu kabla ya Jumatano ya Majivu, na kwa ninavyosikia kutoka hapa, sauti ya kwanza wameisahau kidogo. Uani mafundi wanafunga turubai. Hilo turubai limetugharimu kikao kizima cha Halmashauri Walei, baraza letu la waumini wasio mapadre.

Sisi wa Pwani tunajua: Pasaka na masika hutembea pamoja. Liturujia inataka moto mpya uwashwe nje, gizani, na mvua ya Aprili haina habari na liturujia. Kuna mwaka ilitushukia wakati Padre anachomeka zile chembe tano za ubani kwenye mshumaa. Kuni zikafuka moshi, kiberiti kikalowa, tukasimama pale na mishumaa yetu mikononi kama watu waliokatiwa umeme. Aliyetuokoa ni mlinzi wa parokia. Alikuja na jiko lake la mkaa alilokuwa amebandikia chai, akaliweka mbele ya Padre bila neno. Mshumaa wa Pasaka wa mwaka ule uliwashwa kwa mkaa wa mlinzi, na mlinzi wetu ni Mwislamu. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilipoanza juma moja, tarehe 18 Februari ikiwa Jumatano yetu ya Majivu, alinitania getini: "Mwaka huu mmeamua kufunga na sisi, ila nyie mnafunga huku mnakula." Sikuwa na jibu. Pilau yake ya Idd ilitukuta bado tuko katikati ya Kwaresima, na naomba nisiulizwe zaidi.

Usiku wa leo basi, mvua inyeshe isinyeshe, Padre atachora mshumaani msalaba, Alfa na Omega, na tarakimu za mwaka huu, 2-0-2-6. Ataingia nao kanisani gizani akiimba mara tatu "Mwanga wa Kristo", nasi tutapokezana moto, jirani kwa jirani, hadi benchi hili la nyuma. Itafuata Mbiu ya Pasaka, ule wimbo mrefu unaokumbuka hata nyuki waliotengeneza nta. Mzee mmoja wa kwetu mwenye asili ya Tabora, nchi ya asali, hujikohoza kila tunapofika hapo, utadhani ametajwa yeye. Baba Paroko ameshasema masomo ya Agano la Kale yatasomwa yote saba, si matatu. La Kutoka, la kuvuka bahari, halirukwi kamwe. Wenye watoto leteni kanga za kuwafunika.

Lakini nilichotaka hasa kuwaambia kinahusu wakatekumeni, wale wanaofundishwa imani, watakaobatizwa usiku huu, na zaidi ya wote, mama mmoja mnayemjua wote. Simtaji jina, kwa kuwa jina lake la ubatizo bado anatuficha. Ni yule anayekaanga vitumbua karibu na kituo cha daladala, ambaye wengi wetu tumenunua kwake alfajiri tukiwahi Misa ya kwanza. Ametuona tukiingia humu kwa miaka. Sala ya Nasadiki amejifunza mbele ya kikaango, mjukuu wake wa darasa la tano akimsomea kabla ya kwenda shule.

Mwaka huu ni mwaka A katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, na Injili za Dominika ya tatu, ya nne na ya tano za Kwaresima ni zile ambazo Kanisa tangu kale limewaandalia wakatekumeni: mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro. Baada ya ile ya Msamaria, katekista aliuliza nani amejiona katika habari hiyo. Wengine wakainamisha vichwa. Mama akasema: "Mimi yule namwelewa. Nilipokuwa nadaiwa kikoba, nilikuwa nateka maji saa saba mchana, jua la utosi, nisikutane na mtu."

Nimesikia mahubiri mengi ya Msamaria yule. Sikuwahi kuielewa ile saa sita ya mchana aliyokwenda kisimani mpaka siku hiyo.

Sasa niseme lililo moyoni. Mwaka jana pia tulibatiza watu wazima. Tulipiga vigelegele, tukapiga picha, keki ikakatwa ukumbini. Kufika Pentekoste, nusu yao hatukuwaona tena. Katekista alipouliza katika kikao, "Mnaowatafuta waliwahi kukaa jumuiya ya nani?", viongozi tuliangaliana. Hakuna aliyewafukuza. Ila hakuna aliyesogea benchi awapishe, hakuna aliyewapitia jioni ya jumuiya, ile sala ya majirani majumbani, na wale hawakujua kwamba jumuiya ya Alhamisi huhama nyumba kila juma. Walienda nyumba ya juma lililopita wakakuta mlango umefungwa. Mimi mwenyewe nilikuwa msimamizi wa ubatizo wa mmoja wao. Nilimpigia simu Agosti.

Kanisa halikuziweka siku hamsini za Pasaka ili tupumzike na uchovu wa Kwaresima. Tunajua sana kufunga siku arobaini. Kusherehekea hamsini hutushinda, tunaishia Jumatatu ya Pasaka na masufuria kuoshwa. Zamani siku hizi zilikuwa hasa za wabatizwa wapya: waliingizwa taratibu katika mafumbo waliyoyapokea usiku ule, kwa maneno na kwa kukaa nao. Ndiyo maana ratiba ya mwaka huu tumeipanga kwa kuwafuata wao, na kila jumuiya imekabidhiwa wa kwake.

Kesho, Dominika ya Pasaka, Misa ni saa 12:30, saa 2:30, na ya watoto saa 4:30. Jumatatu watabatizwa watoto wachanga, na katika Misa hiyo tutamkumbuka Baba Mtakatifu Fransisko. Hamjasahau: mwaka jana aliusalimu umati siku ya Pasaka, na asubuhi yake, Jumatatu ya Pasaka tarehe 21 Aprili, akaaga dunia. Wengi tulipata habari hiyo tukiwa bado kwenye pilau. Tutamwombea pia Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne, ambaye mwezi ujao, tarehe 8 Mei, atatimiza mwaka tangu kuchaguliwa.

Dominika ya tarehe 12 ni ya Huruma ya Mungu, aliyoiweka Yohane Paulo wa Pili mwaka 2000. Hapo kale ndiyo ilikuwa siku ambayo wabatizwa wapya huacha mavazi yao meupe. Tumewaomba wetu waje nayo tena, na wakae mbele, kila mmoja na msimamizi wake. Rozari ya Huruma ni saa 9 alasiri.

Tarehe 19 tutasoma Injili ya Emau, ya wanafunzi wawili waliotembea na Yesu mfufuka bila kumtambua, na siku hiyo baada ya Misa ya pili hakuna vikao. Hakuna hata kimoja, nawasihi wapenda vikao mnivumilie. Tutatoka wawili wawili kuwatembelea wagonjwa na wazee wasiofika kanisani, mkristo wa siku nyingi pamoja na mbatizwa mpya. Wale wanafunzi wawili walimtambua Bwana kwenye kuumega mkate, nyumbani kwa watu, jioni, baada ya kutembea.

Tarehe 26 Sikukuu ya Muungano imeangukia Dominika ya Mchungaji Mwema, siku ya kuombea miito ya upadre na utawa. Kwa hiyo tutaiombea nchi na miito kwa Misa moja.

Mei Mosi, Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ni Ijumaa. Misa ni asubuhi na mapema ili wafanyakazi waende kwenye maandamano yao, kisha jioni tunaanza rozari ya mwezi wa Maria majumbani. Nyumba ya kwanza ni ya mama wa vitumbua. Aliomba mwenyewe. Kamati ilisita, maana chumba ni kimoja na njia ya kwake masika hujaa matope. Akajibu kwamba matope hayo anayapita yeye kila siku saa kumi alfajiri na beseni kichwani. Basi tutakwenda. Vaeni viatu vya mvua, na anayeweza aende na kigoda chake.

Siku hamsini zitafungwa na Pentekoste, tarehe 24 Mei. Kipaimara kitategemea ratiba ya Baba Askofu, mtatangaziwa. Jumamosi inayofuata, tarehe 30, tunakwenda hija Bagamoyo, walipofika mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868 wakitokea Unguja. Nataka wabatizwa wapya wasimame kwenye yale makaburi ya wamisionari na kusoma miaka iliyoandikwa juu yake, waone wengine walikuwa vijana kiasi gani malaria ilipowachukua. Wasimame pia mahali palipokuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Imani wanayoipokea usiku huu ilipita hapo kwanza, mwendo wa basi tu kutoka hapa. Nauli zilipwe kwa mhazini wa jumuiya yako, si kwangu. Mara ya mwisho nilishika fedha za safari nikapoteza usingizi.

Nawasalimu wagonjwa mnaosoma haya kitandani, wanafunzi mlioko mabwenini, na ndugu zetu mlio ughaibuni ambao pengine usiku huu mtawasha mshumaa katika kanisa lisilo na kigelegele hata kimoja. Nawasalimu wafiwa wetu wa Kwaresima hii. Mshumaa wa leo ndio ule ule utakaowashwa karibu na jeneza la kila mmoja wetu. Nanyi mnaokuja Pasaka na Noeli tu, karibuni sana. Hakuna atakayewatazamia saa. Nafasi zipo, hasa benchi hili nililokalia.

Mkesha unaanza saa 2 usiku, uani. Kitubio kipo saa 9 hadi saa 11 jioni, msingoje dakika ya mwisho. Mishumaa itagawiwa mlangoni na WAWATA. Atakayeletewa moto na jirani aupokee kisha ageuke nyuma kumpa mwingine, maana kila mwaka moto hukwama benchi la kumi. Leteni miavuli. Mlinzi ameniambia jiko lake litakuwa tayari, endapo.

Heri ya Pasaka kwenu nyote na nyumba zenu.

Ndimi katibu wenu wa Halmashauri Walei, ambaye mwaka huu amepewa tena mtu wa kumsimamia, na ameshaandika namba yake ya simu mahali pawili.