Mdogo wangu, usiweke sahihi kwanza

Hiyo fomu ya kukubali kuanza ushauri na kaunsela, uliyonitumia picha, nimeisoma yote. Yenyewe haina ubaya, shida ni vile ulivyopewa, yani mtu wa mapokezi anakupa kalamu, anakuonyesha mstari, basi. Kaunsela mwenyewe ndiye anafaa kukaa na wewe akueleze atafanya nini, sesheni ni dakika ngapi na pesa ngapi, ukikosa kwenda unachajiwa ama la, anaandika nini kwa faili na nani mwingine anaisoma. Ukiuliza akakasirika, tafuta mwingine.

Sasa siri. Wengi wanaumia hapa maana wanadhani kila kitu kinabaki mle ndani. Ukimwambia uko karibu kujidhuru, au unataka kuumiza mtu, au kuna mtoto anadhulumiwa, au korti ikitoa amri, anaweza kulazimika kuongea, na hayo anafaa akuambie mapema kabla hujaanza kumwaga ya moyoni. Najua hiyo ya kujidhuru unaificha kwa kuogopa polisi. Ni kweli kujaribu kujiua kulikuwa kosa hapa Kenya, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinaenda kinyume na katiba. Kwa hivyo mwambie, tafadhali, hilo ndilo hasa linakupeleka huko.

Halafu mama, eti kwa sababu analipa aambiwe mnaongea nini. Wewe ni mtu mzima, habari ni zako. Kama unataka aambiwe kidogo ndio atulie (unamjua), mkubaliane na kaunsela ni kipi hasa, na muandike.

Akitaka kurekodi ama kuleta mwanafunzi akae pembeni, una haki ya kukataa. Faili lako pia unaweza kuomba ulione, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa data nyeti. Na muulize kama amesajiliwa, sheria ya makaunsela na wanasaikolojia iko tangu 2014 na bodi ipo, usione haya, hata fundi wa stima tunamuuliza leseni.

Hata baada ya kusaini, ukiona hakufai unaacha, huna deni la maelezo, ila omba akuelekeze kwa mwingine.

Maswali andika kwa karatasi maana ukifika pale utasahau yote, nakujua. Jioni nitakupigia. Sitakuuliza mliongea nini.