Umehamia Dearborn, nawe hujaliona gari la Clark

Tanga

Ndugu yangu mpendwa Salum,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anasema ukimya wako umepita kiasi, nami nimemwahidi kuyafikisha maneno hayo kama alivyoyatamka. Lile suala la kiwanja Shaibu amelimaliza, na hati nitakutumia nikimpata msafiri wa kuaminika. Baada ya hayo, niruhusu niingie katika jambo lililonifanya nishike kalamu.

Katika ujumbe wako wa mwisho ulinieleza kwamba sasa unaishi Dearborn, huko Marekani, na ukadokeza, kwa wepesi wa mtu anayetaja duka la mkate mtaani kwake, kwamba jumba la makumbusho la Henry Ford liko karibu nawe ila hujapata wasaa wa kuingia. Salum! Ndani ya jumba hilo limo gari la Lotus 38, la kijani lenye mstari wa njano, namba 82, ambalo Jim Clark, dereva wa Uskoti, aliliendesha aliposhinda Indianapolis 500, mbio kubwa za Marekani, mwaka 1965. Humo humo limo Ford Mark IV jekundu, namba 1, ambalo Wamarekani Dan Gurney na A. J. Foyt walishinda nalo Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, mwaka 1967. Wapo watu wanaovuka bahari ili wasimame mbele ya magari hayo mawili, na wewe unapita nje ukienda kununua maziwa. Sikulaumu. Au tuseme nakulaumu kidogo.

Ombi langu ni uende ukanipigie picha. Sitaki picha za gari zima, kwa kuwa hizo zimejaa kila mahali. Kwenye Lotus nataka usukani, gia, na ile nafasi finyu ambamo dereva alilala chali miguu ikielekea mbele, injini ya Ford ya silinda nane ikiwa mgongoni mwake. Kwenye Mark IV nitafutie nundu iliyoko juu ya paa, pale penye kichwa cha dereva. Gurney alikuwa mrefu mno na kofia yake ya chuma iligusa paa, ikabidi mafundi walitoe tumbo paa hilo ili aenee. Nundu hiyo naitaka kwa ukaribu, na ukiweza uipige kwa upande ili kimo chake kionekane.

Utauliza kwa nini nimeshikwa na haya sasa. Ni kwa sababu ya ubishi wa barazani. Vijana wetu, wakiongozwa na Shaibu ambaye si kijana tena, wanashikilia kwamba ubora wa dereva hupimwa kwa kuhesabu mataji ya langalanga, yaani Formula 1, na hesabu ikiisha mjadala umekwisha. Mimi siwezi kulikubali hilo, na nimeshindwa kulieleza kwa sauti katikati ya kelele za dhumna, kwa hiyo unabeba wewe mzigo huu.

Utazame mwaka 1965 wa Clark. Aliufungua kwa kushinda Afrika Kusini siku ya mwaka mpya, kisha akaenda New Zealand na Australia kushindania taji la Tasman, akalitwaa. Mwezi Mei mbio za Monaco na za Indianapolis ziliangukia siku mbili zinazofuatana, tarehe 30 na 31, naye akaiacha Monaco, ambayo ingempa pointi za ubingwa, akaenda Marekani. Huko aliongoza mizunguko 190 kati ya 200, na kwa mara ya kwanza katika mbio hizo gari lenye injini nyuma likashinda. Aliporudi Ulaya alishinda Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza, Uholanzi na Ujerumani mfululizo, na mwezi Agosti ulipoanza tayari alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliotangulia mtu huyo huyo alikuwa bingwa wa Uingereza wa magari ya saluni, akiendesha Cortina iliyokuwa ikiinua gurudumu moja la mbele hewani kila alipokata kona kwa nguvu. Umeshawahi kuona picha hiyo? Gurudumu linaning'inia, na dereva ametulia kana kwamba anampeleka bibi harusi.

Hata hivyo si ushindi unaonivuta zaidi, na hapa ndipo Shaibu hanielewi. Kinachonivuta ni kwamba bingwa wa dunia alikuwa tayari kuwa mgeni. Mwezi Novemba 1966 Clark alijiandikisha katika RAC Rally ya Uingereza, kwenye njia za msituni zenye matope, miongoni mwa watu waliofanya kazi hiyo maisha yao yote. Alikwenda kwa kasi iliyowashangaza wenyeji mpaka alipoliumiza gari na safari ikamwishia njiani. Sisi tuliokua na hadithi za Safari Rally, tangu zama ilipokuwa ikivuka mipaka ya Kenya, Uganda na Tanganyika, tunafahamu kwamba njia ya vumbi na matope haimheshimu mtu kwa mataji aliyoyapata kwenye lami. Clark naye alilijua hilo, na akaenda vivyo hivyo.

Graham Hill wa Uingereza alikuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1962, lakini alipofika Indianapolis mwaka 1966 alipangwa na wageni na kupimwa kama wageni wengine, kisha akashinda mbio zenyewe. Miaka sita baadaye alishinda Le Mans pamoja na Henri Pescarolo, na ukichanganya na ushindi wake wa Monaco mara tano, mpaka leo hajapatikana mwingine aliyeyapata yote matatu. Foyt naye, Mmarekani aliyekulia kwenye viwanja vya udongo, alishindana Le Mans mara moja tu maishani mwake, mara hiyo ya 1967, siku chache baada ya kushinda Indianapolis kwa mara ya tatu. Waliowafahamu walidhani Foyt na Gurney wangeliua gari kwa kushindana wao kwa wao. Wakashinda, na Gurney akaitikisa chupa ya shampeni na kuwarushia watu waliosimama chini, jambo ambalo madereva wanaliiga mpaka leo. Jumapili iliyofuata Gurney alikuwa Spa, Ubelgiji, kwenye barabara ya kilomita 14 iliyokuwa ikipita kati ya mashamba na misitu, akashinda mbio za langalanga kwa gari la Eagle lililoundwa na kampuni yake mwenyewe. Ni wiki moja tu hiyo, Salum. Na Mario Andretti wa Marekani sijamgusa: alishinda mbio za Daytona 500 mwaka 1967, Indianapolis 1969, ubingwa wa dunia 1978, na katika mbio zake za kwanza kabisa za langalanga, mwaka 1968, alianza akiwa wa kwanza kwenye mstari.

Shaibu husema madereva wa leo wamebembelezwa. Hapo simfuati. Mwaka 1965 mbio za ubingwa wa dunia zilikuwa 10, na dereva alitegemea fedha alizolipwa na waandaaji kwa kujitokeza tu, kwa hiyo aliyekaa nyumbani Jumapili alikaa bila mapato. Mwaka 2024 mbio zilikuwa 24, mishahara ni mikubwa, na mkataba humzuia mtu asipande chombo kingine bila idhini. Tena wenye timu wana sababu ya kuogopa: dereva wa langalanga Robert Kubica aliumia vibaya mkono katika rali ndogo nchini Italia, mwezi Februari 2011, na ilimchukua miaka minane kurudi kwenye mstari wa kuanzia. Wakati wa mapumziko dereva huingizwa kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji, akazunguka kona zile zile usiku na mchana.

Liko pia jambo ambalo silisemi barazani, kwa kuwa lingempa Shaibu silaha. Clark hakufia kwenye mbio za ubingwa wa dunia. Alifia Hockenheim tarehe 7 Aprili 1968, katika mbio za daraja la pili. Dereva mwenzake Bruce McLaren alikufa mwaka 1970 akijaribu gari la Can-Am, mbio za magari ya spoti za Amerika Kaskazini, na mwingine, Pedro Rodríguez, mwaka 1971 katika mbio za magari ya spoti huko Norisring. Ule upana wao ninaousifu ndio uliowafikisha mahali hapo, siku ambazo wangeweza kupumzika na familia zao. Nikiwaza hivyo huona haya kidogo kutamani zama zile zirudi, kisha natazama tena ile picha ya Cortina, na...

Basi. Angalau mwaka 2017 Fernando Alonso, bingwa mara mbili, aliiacha Monaco kama Clark, akaenda Indianapolis, akapimwa kama mgeni na kuongoza mizunguko 27 kabla injini haijamfia ikiwa imesalia mizunguko 21. Shaibu aliliita jambo hilo kupoteza muda. Usiku ule nilishindwa kulala kwa furaha, ingawa Alonso alishindwa.

Sasa nijibu haya. Je, magari hayo yamezungushiwa kamba, au mtu anaweza kusogea akaona rangi ilipobanduka? Wanaruhusu kupiga picha? Kijana wako bado anapenda magari, au simu imemteka? Ukimpeleka, mwulize ni gari lipi angelichagua yeye, wala usimdokeze jibu langu. Wewe mwenyewe unasemaje kuhusu ubishi wetu: ukiambiwa uchague mmoja, ungemchukua Clark au Gurney? Na je, Jumamosi hii una kazi? Picha zitume kwa barua pepe, kwa ukubwa wake kamili, maana zikipita WhatsApp zinafifia nami nataka kuhesabu ribiti.

Wako akupendaye,
Mbwana