Risala ya kikundi cha tulioumia uti wa mgongo kwa mgeni rasmi, Masasi

Ndugu mgeni rasmi, meza kuu, manesi wetu, na nyie majirani mliosukuma wilchea kwenye mchanga huu mpaka hapa, asalaam aleikum na Bwana asifiwe.

Wengi wetu tulianguka, mnazi, mwembe, mkorosho, wengine bodaboda, na watu wakituona wanatuonea huruma ya miguu. Miguu tushaizoea. Kinachotutesa ni mkojo, na leo tunausema hadharani, wazee mtuwie radhi.

Uti ukiumia, ubongo na kibofu havisikilizani tena, kinajaa huna habari, au kinakamua huku mlango wake nao umebana hapohapo, basi mkojo hautoki wote, unaobaki unaleta UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na presha ya ndani ya kibofu ikizidi unapanda mpaka kwenye figo. Zamani figo ndo zilikuwa zinawamaliza wengi walioumia hivi. Na ile ya kukandamiza tumbo kwa ngumi ili utoke, tuiache jamani, inaweza kuurudisha hukohuko kwenye figo.

Wengi tunaruhusiwa hospitali na mpira wa mkojo unaokaa ndani ya kibofu muda wote. Sawa, mwanzoni unasaidia, na wapo ambao mikono haishiki hawana njia nyingine. Ila ukichelewa kubadilishwa unajaa chengachenga unaziba. Mwenzetu aliyeumia shingo alianza kutoka jasho usoni, kichwa kinampasuka, nyumbani wakasema malaria hiyo, kumbe mpira umejikunja chini ya paja, mama yake alivyounyoosha tu mfuko wa mkojo ukaanza kujaa na kichwa kikaachia. Ile ni presha ya damu inayopanda ghafla kwa walioumia shingo au kifua cha juu, na inaweza kuleta kiharusi.

Tunachotaka sisi ni kujitoa mkojo wenyewe. Daktari Jack Lapides na wenzake kule Marekani waliandika tangu 1972 kwamba mikono iliyooshwa kwa sabuni na mpira msafi vinatosha, sio lazima mambo ya thieta. Unaingiza mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, unatoa wote, unachomoa, kila masaa 4 mpaka 6, kibofu kisizidi nusu lita. Akina mama wanaanza kwa kutumia kioo ili waone tundu la mkojo. Wanaofanya hivyo hapa kikundini wanatega alamu kwenye kitochi, ikilia katikati ya kikao mtu anajisukuma pembeni, hakuna anayecheka. Kibofu kinachobana sana kina vidonge vyake vya kukilegeza, oksibutinini, na kuna sindano ya botoksi ndani ya kibofu, ila hiyo kwetu huku bado ni habari za Dar.

Mgeni rasmi, tunaomba mipira hiyo ipatikane mpaka kituo cha afya, na kila kituo kiwe na nesi anayejua kufundisha, maana saa hizi mkojo ukinuka tu unapewa sipro, dawa ya kuua bakteria, hata kama huna homa wala huumwi, mwisho dawa zinagoma kufanya kazi. Tunaomba na ultrasaundi ya figo kila mwaka. Na choo ambacho wilchea inapita mlangoni, hata hapa tulipo leo hakipo, alamu zikilia sijui tutaelekea wapi.

Tunaomba kuwasilisha.