Kwa Mwanaidi, kuhusu wale maharamia

Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, ila mvua imetuganda. Kanga mbili nimezianika tangu juzi na bado mbichi. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, pamoja na swali lako la yule mwanamke wa Kichina aliyeongoza maharamia. Nitamfikia. Lakini ukaongeza kwamba watu wale walikuwa wezi tu, waliozoea vya bure. Hapo tugombane kidogo.

Mwaka 1371 Hongwu, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming uliotawala Uchina, alikataza raia wake kwenda baharini kufanya biashara. Biashara ya nje ikawa ya dola peke yake: mgeni aje na kibali, alete zawadi kwa mfalme, apewe zake, aondoke. Hata misafara ya Zheng He, mkuu wa meli za Ming, iliyofika kwetu Malindi ilikuwa ya mfalme. Twiga wa zawadi anasafirishwa kwa heshima zote, na mchuuzi wa Fujian, jimbo la pwani huko Uchina, akikamatwa na chombo cha milingoti miwili anakwenda ng'ambo, kosa la jinai.

Na Fujian yenyewe, Mwanaidi, ni milima imeshuka mpaka ufukweni. Mashamba ni vijipande. Watu wa kule bahari ndiyo lilikuwa shamba lao. Kufikia miaka ya 1530 Japani ikawa inachimba fedha kwa wingi, namaanisha madini yenyewe, na Uchina iliitamani fedha hiyo maana hata kodi zilikuwa zimeanza kulipwa kwayo. Hariri iko huku, fedha iko kule, katikati marufuku. Magendo yangekosaje?

Soko kubwa la magendo lilikuwa Shuangyu, kisiwani karibu na Ningbo, mji wa bandari wa Uchina. Wachina, Wajapani na Wareno walikutana hapo. Mwaka 1548 mkuu mmoja mkali, Zhu Wan, akalivamia, akachoma majengo na vyombo, kisha akaziba mlango wa bandari kwa mawe na magogo. Baadaye akaripoti kwamba katika wiki chache tu zilihesabiwa meli zaidi ya 1,200 zikipita huko nje. Basi alichoma banda, biashara yenyewe imo baharini inampungia mkono.

Huyu Zhu Wan namhurumia. Alisema kuwaondoa maharamia wa kigeni ni rahisi, wa Kichina ni vigumu, na walio vigumu kuliko wote ni wale wenye majoho na kofia za heshima. Alikuwa na haki: koo kubwa za pwani ndizo zilizotia mtaji na kuficha mizigo. Alipowaua mateka bila idhini, wakubwa hao wakamshitaki mpaka akanywa sumu, mwaka 1550.

Waliofukuzwa Shuangyu walikwenda wapi? Wang Zhi, mfanyabiashara wa Huizhou, akahamia Japani na kuwa mkubwa wa watu wake. Aliomba mara kwa mara biashara ihalalishwe. Haikuhalalishwa, na miaka ya 1550 pwani ikaungua. Serikali iliwaita wavamizi hao "majambazi wa Kijapani", ingawa wengi wao walikuwa Wachina, wana wa vijiji vilevile. Hu Zongxian, mkuu mwingine, akamtoa gerezani mama yake Wang Zhi na mkewe, akawatunza vizuri, akaahidi msamaha. Wang Zhi akaja mwenyewe mwaka 1557. Wakamfunga, kisha wakamkata kichwa. Uvamizi haukukoma, ulihamia kusini. Ilibidi majeshi yapigane miaka mingine, na mwaka 1567 bandari ya Yuegang huko Fujian ikafunguliwa kwa raia, wakate leseni na kulipa ushuru. Hapo ndipo bahari ilipoanza kutulia. Miaka karibu mia mbili kuligundua hilo!

Sasa mwanamke wako. Wanamwita Zheng Yi Sao, yaani mke wa Zheng Yi. Zama zake, mwanzoni mwa miaka ya 1800, marufuku ile haipo tena. Kilichowasha moto ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya zamani hizo huko Vietnam. Waasi wa Tay Son walihitaji mabaharia, wakawapa wavuvi maskini wa Guangdong, jimbo la kusini mwa Uchina, meli na vyeo. Wavuvi hao msimu wa kusi samaki wakipungua walikuwa na desturi ya kupora kidogo, kisha wanarudi kwenye nyavu. Tay Son walipoanguka 1802, wakarudi kwao na mizinga, kazi hawana. Mume, kiongozi wao, akafa 1807, mke akashika usukani, akaolewa na Zhang Bao, mtoto wa kulea wa marehemu (najua utacheka), na mwaka 1810 akajadiliana na serikali mpaka akapata msamaha. Zhang Bao akapewa cheo jeshini. Mwanamke mwenyewe akaishi hadi 1844.

Kama bado unasema wezi tu, niandikie. Na ile leso yangu usiisahau. Mpe kijana wa basi, nitaipokea stendi.

Wako,
Salma